Pima kwa Mkono wa Mgonjwa: Kwa Wanaoanza Kujifunza Akupancha

Wengi wanaoanza kujifunza akupancha, yaani tiba ya jadi ya sindano ya Kichina, hutamani kushika sindano siku ya kwanza. Nawashauri msiharakishe. Sindano hiyo haina dawa ndani yake, na kipenyo chake mara nyingi ni milimita 0.25 tu, ustadi wote umo katika kujua mahali pa kuichoma.

Mafundisho ya jadi husema kwamba nguvu ya uhai iitwayo chi hupita katika njia kuu 12 za mwili. Sayansi haijazithibitisha njia hizo, lakini nukta 361, yaani mahali pa kuchoma sindano, zilizopangwa juu yake na juu ya njia nyingine mbili za katikati ya mwili, lazima mzijue.

Nukta hazipimwi kwa sentimita. Kipimo chake ni tsuni, ambayo ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe, na vidole vyake vinne vilivyobaki, vikibanwa pamoja, ni tsuni 3. Nilipokuwa mwanafunzi niliitafuta Zusanli, nukta iliyo tsuni 3 chini ya goti, kando kidogo ya muundi kwa upande wa nje, nikapima kwa vidole vyangu kwenye mguu wa mzee aliyenizidi sana kimo. Nilichoma, naye akasema hasikii kitu. Mwalimu wangu, bila kunikemea, aliushika mkono wa mzee akauweka chini ya goti lake, nikaona nilivyopunja. Sindano ya pili ilimletea uzito na ganzi iliyoshuka hadi kwenye wayo, hali ambayo Wachina huiita dechi.

Kosa langu lina historia ndefu. Mwaka 1027, katika enzi ya Song nchini China, tabibu Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu mbili za watu zenye matundu kwenye nukta. Siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji, na mwanafunzi aliyelenga sawasawa aliyaona maji yakitoka. Ninyi jizoezeni kwa kalamu ya wino juu ya ngozi za wenzenu.

Mabegani na kifuani ogopeni kina, kwa sababu sindano ikizama inaweza kutoboa pafu. Msimwambie mgonjwa aache dawa za hospitali. Sindano itumike mara moja tu, kisha itupwe, nazo zihesabiwe wakati wa kuchoma na wakati wa kuzitoa, hasa zile za kichwani, ambazo hujificha ndani ya nywele.