Barabara Imejaa Watu, Je, Klabu ya Vichekesho Itajaa?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi na wenzangu wawili twataka kufungua klabu ya vichekesho katikati ya mji wa Mombasa, ghorofa ya kwanza, nje kidogo ya Moi Avenue, palipo na klabu za usiku na mikahawa. Ukumbi waingia watu 250. Tulikaa pale wiki mbili za mwisho wa Disemba tukihesabu wapita njia, na kuanzia saa tatu hadi saa sita usiku walikuwa mamia kila saa. Promota mmoja ametwambia soko lipo, tufungue na jina kubwa kutoka Nairobi, na pesa zitarudi kwa miezi mitatu. Mwenye nyumba ataka gudwili, yaani malipo ya kupewa nafasi yasiyo ya kodi, na kodi ya miezi sita mbele. Je, eneo lile laweza kubeba klabu ya vichekesho? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Laweza, lakini klabu ndogo kuliko hiyo mnayoiwaza, tena kwa sababu ambazo hazimo katika hesabu yenu. Hiyo hesabu ya Disemba iwekeni kando kabisa. Nimeendesha na kukagua kumbi za burudani katika mji huu zaidi ya miaka ishirini, na kila Januari napata barua kama yako. Watu wameona barabara imefurika, moyo umewadunda, na kuna mtu anayewaharakisha watie sahihi kabla hawajaiona Februari.

Wale mliowahesabu ni nani? Wiki mbili za mwisho wa Disemba mji huu huwa wa wageni. Treni kutoka Nairobi yafika Miritini imejaa, mabasi yapishana usiku kucha, na familia za bara zimekuja kuogelea. Wakiingia mjini usiku watafuta muziki, nyama choma na kinywaji. Wiki ya kwanza ya Januari wamesharudi kwao kulipa karo. Ila hata mngehesabu mwezi wa Mei, mvua inanyesha, kosa lingebaki lile lile, na ndilo linaloniuma kuliko yote katika kazi hii: kudhani kwamba kila apitaye barabarani ni mteja wa vichekesho.

Disko huishi kwa wapita njia. Mtu asikia mdundo, aingia saa tano, acheza, achoka, atoka, aingia kwa jirani, na nafasi yake yachukuliwa na mwingine. Mlango waleta pesa usiku kucha. Mchekeshaji hawezi kuishi hivyo. Yeye ahitaji watu walioketi pamoja, wamemkazia macho, waliosikia mwanzo wa kisa ili mwisho wake uwaangushe kwa kicheko. Aingiaye katikati hacheki, na akivuta kiti ameshawaharibia kumi waliomzunguka. Kwa hivyo mteja wenu ni yule aliyeamua Jumatatu kwamba Alhamisi saa mbili usiku atakuwa kwenye kiti, akalipa tiketi kwa M-Pesa mapema, na akajua atakavyorudi nyumbani. Mtu huyo hamkumwona mlipokuwa mkihesabu. Yawezekana alikuwa kwake Kisauni amelala.

Na hapo kwake ndipo pa kuanzia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Mvita, yaani kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171 tu. Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577. Yaani katika kila wakazi wanane wa Mombasa, saba hulala nje ya kisiwa. Mchana mji wajaa hadi pumzi zakazana, jioni watu wamiminika kwa Daraja la Nyali, kwa Makupa na kwa feri. Mtu wa Likoni ikishapita saa nne usiku akili yake iko kivukoni, hata awe amekaa mbele yako. Mkianza onyesho saa nne kama wafanyavyo majirani zenu wa disko, mmejifungia nje robo milioni ya watu kwa upande huo mmoja. Anzeni saa mbili, Isha imeshaswaliwa, na saa nne kasoro robo mlango ufunguliwe watu waende. Wapo watakaowaambia mhamie Nyali kwenye watu wenye magari. Mimi sioni hivyo. Katikati ya mji ndipo njia za Likoni, Changamwe na Kisauni zinapokutana, na mwenye gari wa Nyali aweza kuvuka daraja kwa dakika chache. Wa Likoni akienda Nyali usiku amepanda vyombo vitatu.

Sasa njoo kwenye hesabu ambayo sijawahi kuikuta katika mpango wowote wa biashara nilioletewa, nayo ndiyo inayoua klabu hizi: vichekesho vyenyewe viko vingapi? Mchekeshaji aliyekaa jukwaani miaka miwili mitatu huwa na dakika 10 hadi 15 ambazo aweza kuzitoa mbele ya watu waliolipa bila kutetemeka. Tuseme mji una wachekeshaji 15 wa kiwango hicho, kila mmoja na dakika zake 15. Jumla ni dakika 225. Onyesho la dakika 90 mara mbili kwa wiki lamaliza dakika 180. Onyesho la kwanza la wiki ya pili halijafika mwisho, akiba ya mji mzima imekwisha. Kutoka hapo mwawarudishia watu wa Tudor na Majengo visa walivyovisikia juzi, na watu wetu wana kumbukumbu: jirani atamaliza kisa kabla ya aliye jukwaani.

Watu hupenda kunitajia New York na London. Comedy Cellar ya New York, iliyofunguliwa 1982 katika chumba kidogo cha chini ya ardhi, ina wachekeshaji wengi wanaokimbia kutoka klabu moja hadi nyingine usiku huo huo, na mbele yao kuna wageni wanaobadilika kila siku. Kisa kimoja chaweza kuishi miezi. Hapa kwetu ni kinyume, wasikilizaji ni wale wale na wachekeshaji ni wachache. Comedy Store ya London ilianza 1979 mtaa wa Soho, juu ya klabu ya wanawake wanaovua nguo, na promota yeyote atakwambia huo ni ushahidi kwamba mtaa wa starehe huzaa vichekesho. Asichokwambia ni kwamba pale walikuwa wakiwapandisha vijana wasiojulikana na kuwashusha kwa kugonga gongo wakishindwa. Wakubwa waliopatikana baadaye walipikwa kwenye jukwaa lile. Mtaa uliwapa chumba tu.

Kwa hiyo pesa ya taa za rangi na viti vya ngozi ipelekeni kwenye usiku wa maiki wazi. Jumanne, kiingilio kidogo, dakika tano kila kijana, na mtu mzoefu wa kuwaambia ukweli baadaye. Watafuteni Likoni, Changamwe, Mishomoroni. Pwani haina uhaba wa watu wenye ulimi. Tuna utani wa mabarazani, tuna mipasho, tuna watu wanaojibizana kwa mashairi, na msikilizaji wa hapa asikia neno lililopinda kabla hujalimaliza. Shida ni kwamba barazani mtu acheka bure, kwa watu anaowajua. Ili alipe, apate kilichotengenezwa, kikanolewa, kikapunguzwa maneno. Huko kunoa kwahitaji jukwaa la kila wiki, na hakuna jina la Nairobi litakalowafanyia.

Nalisema hilo la Nairobi kwa heshima kwa wenzetu. Churchill Show ya Daniel Ndambuki iliwafundisha Wakenya kununua tiketi ya kucheka, na wachekeshaji wengi walianzia pale. Lakini kile kilikuwa kipindi cha runinga. Kilirekodiwa katika kumbi kubwa kama Carnivore, mbele ya umati, na nyuma yake kulikuwa na matangazo na wadhamini. Mwenye picha hiyo kichwani hukodi ukumbi wa watu 250 na kungoja umati. Klabu haina runinga ya kuilipia, ina mlango wake tu. Tena mgeni akija na Sheng yake na visa vya Wapwani wavivu wanaokula mahamri mchana kutwa, atachekewa na wageni wenzake, na mtu wa Mji wa Kale aliyempeleka mkewe hatarudi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Ukumbi wenu ni mkubwa mno. Watu 60 ndani ya chumba cha 250 hukaa mbalimbali, kila mmoja aona haya kucheka peke yake, na mchekeshaji afa. Hao hao 60 wakibanana kwenye chumba cha 80, dari iko chini, kiti cha mbele kiko hatua moja kutoka jukwaani, kicheko chaambukiza. Pia nendeni pale Jumamosi saa tatu usiku, zimeni kila kitu, mkae kimya robo saa. Mkisikia besi ya disko ya chini ukutani, ondokeni. Sauti nyembamba mwaweza kuizuia kwa pazia nzito na mlango wa maana, lakini besi yapita kwenye zege na nguzo, na hakuna povu la kubandika litakaloizuia. Mchekeshaji auza ule ukimya mfupi kabla ya neno la mwisho. Msikize na kiyoyozi pia. Kwa joto letu hamwezi kukizima, na kikuukuu kinachonguruma kitawameza wanaozungumza.

Pombe nitaipitia kwa haraka. Chini ya sheria ya vileo ya 2010, baa ya kawaida huuza siku za kazi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, na onyesho la saa mbili laingia humo vizuri. Ila msijenge hesabu yote juu ya bia. Nusu ya watu mnaowataka hawatapanda ngazi za baa, na watalipa vizuri kwa mishkaki, viazi karai, sharubati na kahawa tungu wakijua wake zao wako salama. Na Ramadhani lazima iwemo kwenye mpango, kwa kuwa hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mwezi huo kodi yaendelea kuhesabiwa.

Pesa je? Tuseme viti 80, na kwa wastani wamelipa 50, shilingi 500 kila mmoja. Hizo ni 25,000. Wachekeshaji watano kwa 3,000 ni 15,000, fundi wa sauti 2,000. Zabaki 8,000 kwa usiku. Usiku nane kwa mwezi ni 64,000, mwongeze na faida ya chakula mkiipata, na humo mtoe kodi, stima, mlinzi, leseni za kaunti na mshahara wenu watatu. Linganisheni na kodi mliyotajiwa. Kama yapita hapo, hamna klabu. Mna deni.

Ndiyo maana nakasirika na hao wa miezi mitatu. Promota aliyewashauri mfungue na jina kubwa hupata fungu lake mlangoni usiku wa kwanza, na usiku wa kwanza hujaa kila mahali. Niliwahi kuitwa kwenye ukumbi mmoja wa mji huu baada ya mambo kuharibika. Ufunguzi walisimama watu hadi kwenye ngazi. Wiki ya pili walikuja 41, ya tatu 19, na mwezi wa nne viti viliuzwa. Mwenyewe alikuwa ametia pesa ya mafao ya kustaafu. Aliyemshauri alikuwa tayari anamshauri mtu mwingine, mtaa wa pili.

Wapo na wale wa karatasi. Watakuuzia upembuzi yakinifu wa kurasa 40 wenye idadi ya watu wa kaunti nzima, mara asilimia fulani waliyoitoa hewani, na hapo umeshaambiwa soko lako ni maelfu. Wengine hukupa kijana mwenye wafuasi laki mbili TikTok. Wafuasi hao wako Eldoret, Machakos na Doha, na video ya sekunde 40 iliyorudiwa mara kumi haimfundishi mtu kusimama dakika 15 mbele ya meza isiyocheka. Wote hawa hukwepa swali moja: mtu aliyekuja juzi, alilipa tena wiki hii? Ni swali linalotaka muda, na muda ndio wasiotaka kuwapa, kwa kuwa mkiungoja mtaujua ukweli kabla ya kuwalipa. Ukumbi wowote wa burudani, uwe wa taarab, wa maigizo au wa muziki, ukishauriwa na mtu anayelipwa siku ya ufunguzi, mwogopeni mtu huyo.

Fanyeni hivi. Kodini chumba kidogo kwa usiku mmoja mmoja, mkahawa wenye ghorofa tupu siku za kazi au ukumbi wa maigizo. Alhamisi ile ile, saa ile ile, usiku nane mfululizo, Februari na Machi ikiwa Ramadhani haimo. Msilete jina kubwa hata moja. Tiketi zilipwe kwa M-Pesa kabla, ili mbaki na orodha ya nambari, na muone ni zipi zinazorudi. Msihesabu tiketi za bure wala za ndugu zenu. Usiku wa nane mkiwa na watu 40 waliolipa, na angalau nusu yao walishakuja kabla, ndipo mrudi kwa mwenye nyumba, mumwombe sehemu ya ukumbi badala ya wote, na kodi ya mwezi kwa mwezi. Hadi wakati huo, gudwili msitoe hata shilingi moja.