Umemaliza Supernatural na Bado Una Kiu? Tafuta Pengo, Kisha Chukua Kitabu

Supernatural, tamthilia ya runinga kuhusu ndugu wawili wanaowinda mazimwi na mizimu, ilianza kurushwa Marekani Septemba 2005 na ikafungwa Novemba 2020, baada ya misimu 15 na vipindi 327. Aliyesafiri na Sam na Dean Winchester mwendo huo wote haachi kirahisi. Atarudia kuangalia tangu kipindi cha kwanza, atasaka mahojiano ya waigizaji, atabishana na wenzake kuhusu mwisho ulivyokwenda. Kisha atagundua kwamba kuna vitabu: riwaya, shajara, miongozo ya mazimwi, katuni. Vingi. Na hapo ndipo anapouliza aanze na kipi.

Nimevisoma vingi kati ya hivyo, vingine zaidi ya mara moja, na ninayemshauri humwambia jambo lilelile. Usiende kwa mwaka wa kuchapishwa. Usivutwe na jalada pia, maana mengi yana sura zilezile mbili unazozipenda. Tafuta pengo: mahali ambapo tamthilia yenyewe ilipita mbio au ilinyamaza, halafu chukua kitabu kilichoingia hapo.

Sababu iko katika namna vitabu hivi vinavyoandikwa. Ni kazi za leseni. Wahusika si mali ya mwandishi bali ya kampuni inayomiliki tamthilia, na wenye haki hupitia kazi yake kabla haijachapishwa. Mwandishi hawezi kumuua Bobby Singer, mwindaji mzee aliye kama baba kwa ndugu hawa, kwa kupenda kwake, wala kumwoza Dean, wala kuamua kwamba Castiel hatakuwa malaika tena. Isitoshe, nyingi kati ya riwaya hizi ziliandikwa tamthilia ikiwa bado hewani, mwandishi akiwa hajui msimu ujao utaleta nini. Kwa hiyo kila riwaya inabidi iwarudishe ndugu hawa pale ilipowakuta: ndani ya Chevrolet Impala yao ya 1967, barabarani, na mzigo wao uleule moyoni. Ukisoma huku ukingoja tukio litakalopindua historia ya ukoo wa Winchester, utangoja hadi ukurasa wa mwisho.

Mwandishi akipata pengo, mambo yanakuwa mengine. Hapo hakuna kipindi kilichokwisha kueleza kilichotokea, basi ana nafasi ya kupumua na kutupa ambacho runinga haikutupa.

Mfano wangu wa kwanza siku zote ni One Year Gone ya Rebecca Dessertine, iliyotoka 2011. Kama hujafika msimu wa 6, ruka aya hii. Msimu wa 5 unaisha Sam ametumbukia kwenye kizimba cha Lucifer, na Dean, kwa ahadi aliyompa mdogo wake, anakwenda kuishi na Lisa, mpenzi wake wa zamani, na mwanawe Ben. Msimu wa 6 ukifunguka, mwaka umekwisha kupita. Mwaka mzima wa msiba wa Dean, na runinga ilituonjesha vipande tu! Dessertine anaingia humo humo. Dean anawapeleka Lisa na Ben hadi Salem, Massachusetts, mji ambao jina lake halijatengana na kesi za wachawi za 1692, na anachokiwaza si mapumziko bali njia ya kumtoa Sam alikofungwa. Kisa cha wachawi chenyewe ni cha kawaida, sitakisifu kupita kiasi. Kilichonishika ni kumwona Dean akiishi na watu anaowapenda huku akiwaficha kilichomleta. Niliporudi kutazama vipindi vya mwanzo vya msimu wa 6, nilimtazama Lisa kwa jicho jingine kabisa. Uchovu ulio usoni mwake sasa ulikuwa na historia.

Heart of the Dragon ya Keith R.A. DeCandido, ya 2010, imeingia kwenye mapengo zaidi ya moja. Uovu uleule unazuka San Francisco, katika mtaa wa Wachina, mara tatu: 1969, 1989 na 2009. Kumbuka kwamba katika msimu wa 4 Dean alirudishwa hadi 1973 akawakuta babu na bibi yake mzaa mama, Samuel na Deanna Campbell, na kabla hatujawazoea wakawa wameshakufa. Ilituuma wengi. Kitabu kinawarudia miaka minne kabla ya hapo, wakiwa wawindaji walio imara, na Mary, mama wa Sam na Dean, bado binti nyumbani kwao. Halafu kinakuja kwa baba yao, John, katika 1989, mgane mwenye watoto wawili wa kiume. Mwishowe ni zamu ya Sam na Dean. Vizazi vitatu juu ya zimwi moja. Familia ndiyo uti wa mgongo wa tamthilia hii, ila runinga haikuwahi kutuwekea vizazi hivyo sambamba namna hiyo, kila kimoja na staili yake ya kuwinda.

Pengo kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni miaka ya baba. Tangu kipindi cha kwanza tumeiona shajara ya John Winchester: daftari aliloliacha nyuma alipotoweka, ambalo wanawe hulifungua kila wanapokwama. Kamera ilikuwa ikitupitishia ukurasa kwa sekunde chache tu, na shabiki akawa anasimamisha picha ili asome mwandiko. Mwaka 2009 Alex Irvine alituandikia John Winchester's Journal. Inaanza Novemba 1983, Mary akiwa ametoka kufa kwa moto usiku wa tarehe 2 mjini Lawrence, Kansas. Dean ana miaka minne, Sam ana miezi sita, na mwanamume mmoja ambaye alikuwa fundi magari anaanza kuandika mambo ambayo hawezi kumwambia mtu.

Mashabiki wengi humlaumu John, na wana haki. Aliwalea watoto katika vyumba vya moteli kama askari kambini, na Dean akageuzwa mzazi kabla hajamaliza utoto. Shajara haimsafishi, nami sikutaka imsafishe. Inachofanya ni kukuweka karibu naye kiasi cha kuona jinsi kila uamuzi mbaya ulivyoonekana mwema siku alipoufanya. Nashauri uisome kidogo kidogo, kurasa chache kwa siku. Ukiimaliza usiku mmoja, uzito wa miaka unapotea na kinachobaki ni orodha ya mizimu. Na hiki kinunue cha karatasi, si cha kwenye simu, kwa sababu michoro na mwandiko ni sehemu ya simulizi yenyewe.

Anayempenda Bobby ana chake: Bobby Singer's Guide to Hunting cha David Reed, cha 2011. Reed alifanya kazi ndani ya tamthilia, na jina lake limo kati ya waliotunga hadithi ya kipindi cha Hammer of the Gods katika msimu wa 5. Inasikika. Bobby wa kitabuni anafoka vilevile, na ukali wake haumzuii msomaji kuona jinsi anavyowapenda vijana wale.

Inawezekana wewe hukosi majibu yoyote. Unachokosa ni usiku wa kawaida tu: mji mdogo, mauaji yasiyoeleweka, ndugu wawili wanaojifanya maofisa wa FBI, utani wa Dean, Sam maktabani. Basi pengo lako liko kwenye ratiba yako ya jioni, na riwaya za visa vya kujitegemea zitakufaa. Kipimo changu kwa hizi ni kimoja. Fungua mahali popote ambapo ndugu hao wako garini peke yao, usome mazungumzo. Ukiwasikia waigizaji kichwani bila kulazimisha, nunua. Usipowasikia, rudisha, hata kama zimwi lenyewe linavutia.

Kwa kipimo hicho, Nevermore ya DeCandido (2007) inapita vizuri. Iko Bronx, New York: mwanamuziki ambaye nyumba yake ina mzimu, na kando yake mauaji yanayofuata hadithi za Edgar Allan Poe. Muziki wa roki umejaa humo na Dean yuko nyumbani kabisa. Coyote's Kiss ya Christa Faust (2011) inawapeleka mpakani mwa Mexico na kumleta Xochi Cazadora, mwindaji wa kike mwenye pikipiki ambaye angestahili vipindi kadhaa vya runinga; ni riwaya iliyonifanya nitamani aliyeumbwa kitabuni avuke kuja kwenye kioo. Night Terror ya John Passarella (2011) ina mji mdogo wa Colorado ambako majinamizi ya watu yanatoka usingizini na kutembea barabarani. Kama unapenda vita vya zamani, iko The Unholy Cause ya Joe Schreiber (2010), yenye maigizo ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani yanayogeuka kuwa vifo vya kweli huko Georgia.

Wapo watakaokuambia vitabu vya tamthilia si fasihi ya maana. Usiwasikilize. Passarella alishapata Tuzo ya Bram Stoker ya riwaya ya kwanza, pamoja na mwenzake, kabla hajagusa Winchester, na Tim Waggoner aliyeandika Carved in Flesh ni mtu anayeheshimika katika uandishi wa kutisha. Tena tamthilia yenyewe iliviheshimu vitabu kuliko hao wanaovidharau. Katika msimu wa 4 Sam na Dean wanaingia dukani na kukuta mfululizo wa riwaya uitwao Supernatural, ulioandikwa na mtu ajiitaye Carver Edlund, na ndani yake yamo maisha yao yote. Baadaye Castiel anawaambia kwamba siku moja maandishi yale yatakuwa injili. Mimi ninapokaa na riwaya yoyote kati ya hizi, sijitoi katika ulimwengu wa tamthilia. Ninafanya jambo ambalo wahusika wake wenyewe walilifanya.

Kwa wanaopenda elimu ya mazimwi kuliko ndugu wenyewe, The Supernatural Book of Monsters, Spirits, Demons, and Ghouls cha Irvine (2007) kinafaa sana. Eric Kripke, mwanzilishi wa tamthilia, alitaka tangu awali kutumia simulizi za kutisha za Marekani, na msimu wa 1 unaonyesha hivyo: mwanamke mwenye vazi jeupe, wendigo, Bloody Mary. Kitabu kinaeleza viumbe hao kana kwamba Sam na Dean wenyewe wamekusanya maelezo. Ushauri wangu ni kukifanya mlango, usikifanye nyumba. Tamthilia huchukua kinachoifaa na kuacha mengine. Wendigo, kwa mfano, ni wa simulizi za jamii za Waalgonquin wa Amerika Kaskazini, na kwao amefungamana na njaa ya majira ya baridi, uchoyo, na mwiko wa kula nyama ya mtu. Ukimaliza ukurasa wake hapa, tafuta simulizi zake kutoka kwa wenyewe. Fanya hivyo hivyo kwa La Llorona wa Mexico, mama anayewalilia watoto aliowazamisha mwenyewe. Nilipoanza kusoma namna hii, tamthilia iliongezeka ladha, maana nilianza kuona waandishi wamekopa wapi na wamebadilisha nini.

Katuni nitazipitia haraka. Origins, iliyoanza kutoka 2007, inasimulia jinsi John alivyoanza uwindaji, yaani pengo lilelile la shajara. Ni waandishi tofauti, kwa hiyo usikae kulinganisha tarehe na tukio moja moja. Chukua kila simulizi ijitegemee.

Kuhusu upande wa utengenezaji, vitabu vya Official Companion vya Nicholas Knight huenda msimu kwa msimu na vinafaa kusomwa pembeni ya runinga, kipindi baada ya kipindi. Lakini kilichonigusa zaidi ni Family Don't End with Blood cha 2017, kilichohaririwa na Lynn Zubernis. Jina limetokana na maneno ya Bobby mwishoni mwa msimu wa 3. Humo mashabiki wanaandika jinsi tamthilia ilivyowashika mkono katika nyakati ngumu, na waigizaji wanaandika bega kwa bega nao, akiwemo Jared Padalecki ambaye mwaka 2015 alianzisha kampeni ya kuwatia moyo wanaopambana na maradhi ya akili. Kama tamthilia hii ilikuwa kwako zaidi ya burudani, kitabu hiki kisubiri siku ambayo huna haraka.

La mwisho ni la muhimu kwa wanaowanunulia wengine zawadi: uliza kwanza mtu amefika msimu wa ngapi. Riwaya hizi huchukulia kwamba unajua kilichokwisha kutokea, na sentensi moja inaweza kumharibia mtu utamu wa miezi. Nyingi zina dokezo fupi kwenye kurasa za mwanzo linalosema kisa kinaangukia wapi. Lisome kabla ya kulipa. Aliye bado msimu wa 2 anaweza kupewa Nevermore au Witch's Canyon ya Jeff Mariotte bila wasiwasi. Akiingia msimu wa 3, mwongezee Bone Key. Heart of the Dragon isubiri msimu wa 5. One Year Gone usimpe hata kuishika hadi ameona mwenyewe nani amesimama nje, chini ya taa ya barabarani, mwishoni mwa msimu wa 5.