Sumaku ya kudumu au bobini juu ya mkanda: umeme ukikatika, unataka nini kitokee?

Ndugu wa Likasi, umeuliza ipi ina nguvu zaidi ya kunasa vyuma juu ya mkanda wa mawe ya shaba kabla hayajaingia kwenye konkaseri, mashine ya kuvunja mawe: sumaku ya kudumu, au sumaku ya umeme, hii tunayoiita bobini. Mimi kazi yangu ni kubobina mota hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba, na zote mbili zimepita mikononi mwangu. Nguvu isikusumbue kwanza. Jiulize hivi: umeme ukikatika ghafla, chuma kilichonaswa kibaki juu au kianguke?

Nasema hivyo kwa sababu niliyaona matokeo. Mteja mmoja alikuwa na bobini ya kusafishwa kwa mkono: zamu ikiisha wanaisogeza pembeni ya mkanda, wanazima, vyuma vinadondoka chini. Siku moja diodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliungua ndani ya kisanduku kinachogeuza umeme kuwa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri; fyuzi ikakata. Mkanda una laini yake, kwa hiyo uliendelea kutembea. Vyuma vyote vilivyokusanywa tangu asubuhi vikaporomoka kwa mpigo: bolti, vipande vya waya, na nondo yenye urefu wa mkono wangu. Nondo ile ncha moja ilikwama kwenye fremu, ncha ya pili ikazama kwenye mpira, mkanda ukachanika katikati kama kitenge kinavyochanwa dukani. Niliitwa kutengeneza bobini, nikakuta vijana wamechuchumaa wanaunga mpira kwa vibanio.

Kwa hiyo ukichukua bobini, weka rilei, swichi inayojiendesha yenyewe, inayosoma ampea za bobini yenyewe. Ampea zikishuka chini ya kiwango ulichopanga, mkanda usimame. Kuwasha taa nyekundu tu hakutoshi, maana hakuna anayeitazama.

Jambo la pili ni joto, na hapa watu wengi wanadanganyika kwa kupima asubuhi. Bobini ile nilipoimaliza niliipa volti 198 za DC, zile zinazotoka kwenye volti 220 zikishapita diodi nne. Ikiwa baridi ilikula ampea 10, yaani karibu wati 2,000. Ilipokaa kazini hadi ikapanda nyuzi 80 hivi juu ya ile baridi, mita ya kubana waya ilinionyesha 7.6. Hakuna kilichoharibika. Ukinzani wa shaba, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, huongezeka karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto, na ampea zikipungua, mvuto nao unapungua. Mchana wa Oktoba hapa kwetu, juani, hiyo ndiyo bobini uliyo nayo kweli, si ile ya saa moja asubuhi. Muuzaji akikupa kipimo, muulize ni cha baridi au cha moto.

Sumaku ya kudumu haili umeme, na usiku mzima bila umeme bado imeshika. Lakini nayo joto linaigusa. Neodimiamu ya kawaida, hii yenye nguvu kubwa iliyotokea miaka ya 1980, ikipita nyuzi 80 inaanza kupoteza nguvu isiyorudi hata ikipoa. Feraiti, ile nyeusi kama ya spika, ni dhaifu zaidi lakini inavumilia joto na bei yake ni ya chini. Iko pia samariamu-kobalti, inayofika nyuzi 300. Inaniuma kila nikiifikiria: kobalti inachimbwa hapa hapa, sumaku inarudi kwetu kwa bei ya dhahabu.

Mvuto wa sumaku ya kudumu unapungua upesi ukienda mbali nayo. Kama mawe yako yamelundikana tabaka nene kwenye mkanda mpana, chuma kilicho chini kabisa hakitasikia chochote, na hapo bobini kubwa ndiyo inayofika. Kwako, kwa mkanda wa sentimita 60 uliousema na umeme unaokatika kila siku, mimi ningeweka feraiti yenye mkanda mdogo wa kujisafisha, unaoizunguka sumaku na kuvitupa vyuma pembeni.

Usinunue ile ya kubandua vyuma kwa mkono. Haizimiki! Kijana wangu alibanwa kidole gumba kati ya sumaku na spana, ukucha ukang'oka wote.

Bobini nayo ina hatari yake: ukiizima, umeme uliohifadhiwa ndani unatafuta pa kutokea, na cheche inakula ncha za swichi. Diodi moja iliyofungwa kinyume sambamba na bobini inamaliza tatizo hilo.

Tena kuna vyuma ambavyo hakuna sumaku itakayovinasa. Chuma cha manganizi, kile cha meno ya konkaseri na baadhi ya meno ya vijiko vya mashine za kuchimbia, hakivutwi. Hicho kinahitaji kitambuzi cha metali kinachosimamisha mkanda.

Kabla hujalipa, pima urefu kutoka juu ya mkanda hadi mahali sumaku itakaponing'inia, na unene wa mawe mkanda ukiwa umejaa kabisa. Niandikie namba hizo mbili hapa, nitakuambia kama feraiti itafika.