Kusimamisha turubai kubwa pwani ya kusini: upepo kwanza, mengine baadaye

Turubai la shughuli likiharibika Mtwara au Lindi, mara nyingi si kwamba limeanguka. Limenyanyuka. Upepo umeingia chini yake, umeling'oa nguzo mbili tatu, kisha umelibwaga likiwa limepinda mabomba. Ndiyo maana katika turubai la mita 6 kwa 12 lenye fremu ya chuma, kitu cha kufikiria tangu mwanzo ni kile kitakacholishika chini.

Hesabu yake si ngumu. Upepo wa kilomita 54 kwa saa unasukuma kwa takriban kilo 14 kila mita moja ya mraba. Paa hili linafunika mita za mraba 72, kwa hiyo nguvu ya kulivuta juu inaweza kukaribia tani moja. Kasi ikiwa maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Uzito wa mabomba na kitambaa peke yake hauwezi kushindana na hilo.

Kabla gari halijatoka stoo, hesabu mabomba 32: nguzo 10 za mita 2, makombamoyo 10 (mabomba ya mteremko wa paa), mtambaapanya (bomba la ukingo wa paa, juu ya nguzo) vipande 8 vya mita 3, na mwamba (bomba la kilele cha paa) vipande 4 vya mita 3. Viungo ni 15: sita vya njia tatu, kwa pembe nne na ncha mbili za mwamba, na tisa vya njia nne. Kamba 14, pini zote, na chache za akiba.

Sasa tazama makombamoyo kwa makini. Mwamba ukiwa umepanda mita 1 juu ya mtambaapanya, kombamoyo lina urefu wa mita 3.16. Likiwa kwenye rundo pamoja na mabomba ya mita 3, jicho halioni tofauti upesi. Likiingia mahali pa mtambaapanya, nafasi moja kati ya nguzo na nguzo inatanuka kwa sentimita 16, fremu inapinda, na kitambaa hakifiki mwisho. Watu huanza kukivuta kwa nguvu mpaka mshono unaachia, kumbe kosa liko kwenye bomba. Paka rangi nyekundu ncha zote mbili za kila kombamoyo, tatizo litakwisha kabisa.

Uwanjani, anza saa moja asubuhi kabla upepo wa bahari haujachangamka. Kaa mbali na nyaya za umeme na usikae chini ya mnazi wenye nazi. Elekeza upande mfupi kule upepo unakotoka: kusini-mashariki wakati wa kusi, kaskazini-mashariki wakati wa kaskazi. Pima mstatili kwa futikamba kutoka pembe hadi pembe. Mishazari yote miwili isome mita 13 na sentimita 42. Zikitofautiana, sogeza pembe kwanza. Ukishasimamisha nguzo hutaweza tena.

Paa lote liunganishwe chini, bila nguzo. Tandika jamvi au mkeka wa plastiki, kwa sababu mchanga wa fukwe za Mtwara, kama Shangani au Msimbati, hukwaruza kitambaa kama msasa. Kivute kupitia juu ya mwamba kwa kamba mbili, ukifunge kwenye mabomba pande zote. Funga pia kamba zote 14 kwenye viungo zikiwa bado legelege: mbili kila pembe, moja kila nguzo ya kati.

Kunyanyua kunataka watu 10. Watano wanabeba upande mrefu, mmoja kila kiungo, na watano wanachomeka nguzo na kutia pini. Upepo ukija mshazari, anza na upande mrefu ulio mbali nao. Upande wa upepo ukibaki chini, upepo unapita juu ya paa na kulikandamiza. Ukianza kinyume, umefungua mdomo wa tanga. Kaza kamba za upande wa kwanza kabla ya kugusa wa pili.

Kinachoshika kamba hizo chini kiwe tayari kabla ya kunyanyua, na kinategemea udongo. Kwenye udongo mwekundu mgumu, kigingi cha chuma cha sentimita 90 kinatosha, kikiwa kimelala nyuma, kichwa chake kikiwa mbali na turubai. Mchanga wa ufukweni haushiki kigingi. Kinatoka kama kijiti kwenye uji. Huko chimba shimo la sentimita 80, laza kiroba cha mchanga kilichofungwa kamba kiunoni, fukia, shindilia. Penye sakafu ngumu, weka viroba viwili vya takriban kilo 50 kila nguzo, viroba 20 kwa jumla. Lakini angalia kitako cha nguzo: kama nguzo haikufungwa kwa bolti kwenye kitako, kiroba kilichokaa juu yake hakizuii chochote. Nguzo inachomoka, kiroba kinabaki. Kifunge kwenye nguzo yenyewe.

Pazia likihitajika, ziba upande wa upepo na uache ule wa pili wazi. Usifanye kinyume, maana upepo utaingia ukakosa pa kutokea. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, kama ilivyofanya Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, shusha turubai siku hiyo hiyo, shughuli iwe imebakiza nini.

Mvua za Desemba hadi Aprili zina ugomvi wao. Kitambaa kikilegea hufanya dimbwi, na dimbwi la mita 2 kwa 1 lenye kina cha wastani cha sentimita 10 ni lita 200, yaani kilo 200 juu ya kombamoyo moja au mawili. Yasukume maji kutoka ndani kwa fagio lililofungwa kitambaa kwenye ncha, tena mapema, kisha kaza kamba.

Kulikunja turubai likiwa bichi ni kuliozesha mishono. Likitoka ufukweni, suuza viungo na pini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikauke, uvipake grisi siku hiyo hiyo. Pini iliyoganda kwa kutu haitoki bila nyundo, na nyundo ndiyo inayotanua tundu la kiungo.