Tingatinga la zamani Goma: tazama minyororo kabla ya kusikiliza injini

Anayetaka kununua tingatinga la zamani la minyororo lenye ndoo mbele, tuseme Caterpillar 955 au 977, kwa kawaida huwasha injini, husikiliza mlio wake, hutazama rangi ya moshi, kisha huanza kupatana bei. Hapa Goma mimi hushauri aanze na sehemu ya chini. Injini ya dizeli ya mashine hizo, za miaka ya 1950 hadi 1970, haina kompyuta ya kuisumbua, na fundi hodari anaweza kuifungua na kuifunga hapa hapa mjini. Kinachomfilisi mwenye mashine ni minyororo, rola na magurudumu yenye meno, ambavyo watu wa kazi hii huvihesabia karibu nusu ya gharama zote za matengenezo. Kwa ardhi yetu nadhani hata hiyo nusu haitoshi.

Sababu ni makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda. Lava iliyoshuka kutoka volkeno ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilikatiza mjini hadi ziwani na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama upande wa Buhene. Jiwe hilo lina matundu na kingo kali, nalo hula chuma kama msasa. Vipande vyake vidogo huingia kati ya rola na mnyororo, na mvua ikinyesha huchanganyika na majivu na kushikana humo. Ndiyo maana sikubali mashine ilale bila kuondolewa uchafu wa chini, hata kama bosi analalamika kwamba muda wa kazi unapotea.

Unapokagua, weka kipande cha chuma kati ya jino la gurudumu la nyuma na mnyororo, endesha taratibu mpaka mnyororo ukazike, uzime injini, halafu upime urefu wa pini kadhaa zinazofuatana na kuulinganisha na kipimo cha mnyororo mpya kilichomo katika kitabu cha mashine. Mnyororo uliorefuka umechakaa ndani, hata kama vyuma vya kukanyagia vinaonekana vinene. Bushi, yaani vibomba vya chuma vinavyozunguka pini, zilizolika upande mmoja bado zinaweza kugeuzwa pamoja na pini zake ili upande mzima ufanye kazi, lakini zikishatoboka nafasi hiyo imekwisha. Wauzaji wengi hawataji jambo hili, na wanunuzi wengi hawaulizi.

Mnyororo uliokazwa kupita kiasi huchakaa upesi kuliko uliolegea kidogo. Usiukaze mpaka unyooke juu. Acha uning'inie kwa sentimita chache kama kitabu kinavyoagiza, na upime ukiwa na uchafu ule ule unaofanyia kazi, kwa kuwa tope lililoshikana huukaza lenyewe. Kwenye mashine zinazokazwa kwa grisi, fungua vali ya kutolea grisi taratibu, usizidishe mzunguko mmoja, na usiweke uso mbele yake. Grisi yenye shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata likionekana dogo.

Katika uendeshaji, geuka kwa upana. Kuzunguka papo hapo juu ya lava hung'oa vyuma vya kukanyagia na kulegeza bolti zake. Punguza pia mwendo wa kurudi nyuma, maana ndipo bushi husagwa zaidi na meno ya gurudumu. Panga lori lisimame karibu na rundo ili safari ya kurudi nyuma iwe fupi. Dereva wa lori atanung'unika, lakini lori lake halina minyororo.

Jambo ninalolirudia zaidi kwa vijana ni mteremko, hasa wanapopelekwa kazini kwenye vilima vya upande wa Masisi. Mashine nyingi za zamani hugeuka kwa klachi mbili, moja kila upande. Kwenye tambarare, ukiachia klachi ya kushoto, mnyororo wa kushoto hukosa nguvu na mashine huelekea kushoto. Kwenye mteremko mkali, ambapo uzito wa mashine ndio unaoisukuma na injini ndiyo inayoizuia, klachi ile ile ikiachiwa bila breki huuacha mnyororo wa kushoto ukimbie huru, na mashine hugeukia kulia, pengine palipo na bonde. Kwa hiyo inyooshe mashine kabla ya kuanza kushuka, chagua gia ndogo ukiwa bado juu, beba ndoo karibu na ardhi, na ukilazimika kugeuka, achia klachi na ukanyage breki ya upande huo mara moja na kwa uthabiti. Nyingi kati ya mashine hizi zilitoka kiwandani bila fremu ya kumlinda mwendeshaji zinapopinduka. Mimi ningeichomelea fremu imara kwanza, rangi ingesubiri.

Kuhusu injini, kumbuka kwamba Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupungukiwa nguvu na kutoa moshi mweusi ikilazimishwa, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kama mfuniko wa rejeta haushiki shinikizo. Mfuniko mzuri ni bei ndogo sana ukilinganisha na silinda hedi iliyopinda. Na muuzaji akipulizia etha, ile dawa ya kusaidia kuwasha, ili injini iwake, ondoka. Baridi ya hapa si ya kuhitaji etha, na huenda injini hiyo imekwisha kompresheni.

Wanaochimba misingi upande wa Himbi, Bulengo na Sake wajihadhari na mazuku, yaani hewa ukaa inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani wala haina harufu. Usimruhusu mtu yeyote kushuka shimoni asubuhi na mapema kusafisha ndoo au kutafuta pini iliyoanguka. Injini ikianza kukosa nguvu bila sababu ukiwa ndani ya shimo, toka kwa kurudi nyuma, na usahau kabisa niliyosema juu ya bushi.

Kabla hujaagiza vipuri kutoka Kampala au Nairobi, nakili namba yote ya utambulisho iliyogongwa kwenye kibati cha mashine, pamoja na herufi na tarakimu zake za mwanzo. 955 mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na gia tofauti na pampu tofauti, na muuzaji wa vipuri anayekuuliza modeli tu bila kuuliza namba hiyo anabahatisha kwa fedha yako.