Pointi, Vitanda na Tiketi: Majibu kwa Wanaotaka Kumiliki Likizo Disney

Maswali ya safari hii yote yanahusu umiliki wa likizo kwa zamu, ambao wengi wetu tulioko Marekani tumezoea kuuita taimshea. Familia hununua haki ya kutumia nyumba ya likizo kila mwaka, na gharama za kuitunza nyumba hiyo hugawanywa kwa wamiliki wote. Karibu kila aliyeandika anaulizia mpango wa Disney Vacation Club, ulioanza mwaka 1991 katika eneo la Walt Disney World huko Florida, kwa hiyo majibu yangu yanauhusu mpango huo. Humo haki ya mmiliki huhesabiwa kwa pointi: kila mwaka hupewa pointi kadhaa, naye huzitumia kulipia usiku anaolala katika hoteli za mpango.

Nikishakuwa mmiliki, je, wanangu wataingia katika viwanja vya burudani vya Disney bure? (Baba wa watoto watatu, Columbus, Ohio)

Hapana, ndugu yangu. Ulichonunua ni malazi tu, na langoni utalipa kama wengine. Tiketi za Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom hununuliwa kando, na hazimo katika ada ya mwaka. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hahitaji tiketi, wa miaka 3 hadi 9 hulipiwa bei ya mtoto, na akishatimiza miaka 10 huhesabiwa kuwa mtu mzima. Maana yake ni kwamba malazi yanaweza kubaki yale yale huku gharama ya langoni ikipanda kadiri watoto wanavyokua.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Familia isiyo na umiliki huenda Disney mara moja katika miaka kadhaa, ikanunua tiketi mara hiyo moja, basi. Mmiliki anazo pointi zinazokwisha muda wake, hivyo huenda karibu kila mwaka, na kila aendapo hununua tiketi za watu wote. Baadhi ya wamiliki hupunguza mzigo huo kwa pasi ya mwaka, wakipanga safari mbili ndani ya pasi moja, kwa mfano Agosti ya mwaka huu na Julai ya mwaka unaofuata, kisha safari ya tatu wanaifanya kwingine kabisa. Wengine hukaa hotelini siku moja au mbili bila kwenda kiwanjani, wakaogelea na kupumzika, na siku hizo hazina tiketi.

Safari yenyewe inabadilika vipi, ukiacha habari za fedha? (Mama wa watoto wawili, wa miaka 4 na 9, Minneapolis)

Hapa ndipo penye utamu wa jambo hili, na wauzaji hawalielezi ipasavyo kwa sababu wao huwa wanakimbilia hesabu. Kinachobadilika zaidi ni mwendo. Anayekwenda mara moja tu katika maisha huamka alfajiri na kurudi usiku wa manane, akiburuta watoto wanaolia, kwa kuwa anaona kila saa aliyopumzika ni dola zilizopotea. Mmiliki anajua kwamba atarudi. Ataingia kiwanjani mapema, akiitumia ile nusu saa ambayo wageni wa hoteli za Disney huruhusiwa kuingia kabla ya wengine, atazunguka hadi jua la saa sita linapoanza kuunguza, kisha atawarudisha watoto chumbani walale, na jioni atatoka nao tena wakiwa na nguvu za kutazama fataki.

Jambo la pili ni jiko. Chumba kidogo kabisa, cha studio, kina maikrowevu na jokofu dogo tu, lakini nyumba ya chumba kimoja cha kulala na kuendelea ina jiko kamili, mashine ya kufulia na ya kukaushia nguo. Kwa familia zetu hilo si dogo. Mama anayebeba pishori yake na viungo vya pilau ndani ya sanduku, akaagiza nyama, maziwa na matunda yaletwe hotelini siku ya kufika, ataokoa fedha nyingi ambazo zingeishia kwenye vyakula vya viwanjani, na watoto watakunywa chai na mayai yao kabla ya kutoka. Masanduku nayo hupungua, kwa sababu nguo za siku tatu zinatosha wiki nzima zikifuliwa usiku. Ila ujue mapema kwamba hakuna mtu wa kutandika vitanda kila siku kama katika hoteli ya kawaida. Usafi hufanywa kwa ratiba yenye mapengo, na vyombo mtaviosha wenyewe. Nimesikia akina mama wakilalamika kwamba walikwenda likizo kupika, na malalamiko hayo ni ya haki iwapo akina baba wamekaa tu barazani.

Jambo la tatu ni mahali ulipo. Ukilala katika hoteli ya Bay Lake Tower, unatembea kwa miguu hadi Magic Kingdom. Ukilala BoardWalk au Beach Club, EPCOT iko hatua chache tu. Ukilala Animal Kingdom Villas utategemea basi au gari kwenda kila mahali, lakini barazani kwako watapita twiga na pundamilia. Majengo yake mawili yanaitwa Jambo House na Kidani Village, na migahawa yake ni Boma, Jiko na Sanaa, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Minnesota atasoma Kiswahili ukutani bila kulazimishwa. Babu aliyekulia Arusha huenda akauliza kwa nini amesafirishwa mbali hivyo kuja kutazama twiga, na sina jibu la kumpa.

Wanasema ni lazima nipange safari karibu mwaka mzima kabla. Je, ni kweli, na likizo za shule nitazifanyaje? (Mwalimu, Dallas, Texas)

Ni kweli, na kwa familia nyingi hili ndilo badiliko gumu kuliko yote. Kila mkataba una hoteli yake ya nyumbani, yaani ile uliyonunua. Katika hoteli hiyo unaruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla ya siku ya kufika, na katika hoteli nyingine za mpango huo unaruhusiwa miezi 7 kabla. Miezi hiyo minne ya tofauti ndiyo huamua nani atalala wapi wakati wa Krismasi au mapumziko ya Machi, kwa sababu vyumba vya bei nafuu na vile vinavyopendwa huisha mikononi mwa wamiliki wa hoteli husika kabla mlango wa miezi 7 haujafunguliwa kwa wengine. Anayefungwa na kalenda ya shule, kama wewe, anunue pale anapotaka kulala hasa, asiamini maneno kwamba atapata nafasi popote.

Pointi nazo zina kalenda yake. Kila mkataba una mwezi wa kuanzia mwaka wa matumizi. Tuseme ni Juni: pointi za Juni 2025 zitatumika hadi mwisho wa Mei 2026. Ukiona hutasafiri, unaweza kuzihamishia mwaka unaofuata, ila ni lazima ufanye hivyo ndani ya miezi minane ya kwanza, yaani kabla Januari 2026 haijaisha. Ukichelewa, pointi hizo utazitumia kabla ya Juni au zitapotea. Vilevile unaweza kuazima za mwaka ujao na kuzitumia sasa, ndiyo maana familia nyingi zenye pointi chache husafiri mwaka mmoja na kupumzika mwaka mmoja, wakizikusanya ili wapate nyumba ya vyumba viwili itakayomtosha na bibi.

Tena kila usiku una bei yake katika jedwali la pointi. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi kwa kawaida hugharimu zaidi ya zile tano nyingine, hivyo wamiliki wazoefu hufika Jumapili na kuondoka Ijumaa. Angalia pia suala la kughairi: ukiifuta nafasi siku 30 au chache zaidi kabla ya kufika, pointi huwekwa katika akaunti ya kizuizi, na utaweza kuzitumia tu kwa safari iliyo ndani ya siku 60 tangu unapoweka nafasi hiyo mpya. Kwa mwalimu ambaye likizo zake hazisogei, pointi za namna hiyo ni karibu sawa na kutokuwa nazo.

Tueleze gharama bila kuzunguka. (Wanandoa, Seattle)

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni bei ya ununuzi, ambayo kwa mikataba mipya ya kampuni imepita dola 200 kwa pointi. Anayenunua pointi 150 atatoa zaidi ya dola 30,000, mbali na gharama za hati. Ya pili ni ada ya mwaka, inayolipia matengenezo, kodi ya majengo, wafanyakazi na usafiri, na ada hii hulipwa usafiri usisafiri. Kwa ajili ya hesabu tu, tuchukue dola 9 kwa pointi: pointi 150 zitakudai dola 1,350 kila mwaka, na kiasi hicho huelekea kupanda kadiri miaka inavyokwenda. Ada hutofautiana kwa hoteli, na ile ya Vero Beach, iliyoko ufukweni mbali na viwanja, inajulikana kuwa juu kuliko za hoteli za Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando.

Maoni yangu ni haya: asiyeweza kulipa taslimu asinunue. Mkopo wa taimshea una riba kubwa, na riba hiyo hula akiba yote mliyoonyeshwa mezani na muuzaji.

Kuna pointi za mtumba zinazouzwa na wamiliki wa zamani kwa bei ya chini. Kuna hila gani? (Dereva wa lori, Atlanta)

Si hila, ni masharti, nayo yapo wazi kwa anayesoma. Aliyenunua mtumba kuanzia tarehe 19 Januari 2019 katika mojawapo ya hoteli 14 za awali hawezi kuzitumia pointi hizo katika hoteli ya Riviera, iliyokuja baada ya hizo 14, wala katika hoteli zilizofuata baada yake. Aliyenunua mtumba wa Riviera yenyewe hulala Riviera tu. Kampuni pia ina haki ya kuunyakua mkataba kwa bei mliyokubaliana wewe na muuzaji, hivyo usishangae ukisubiri wiki kadhaa kisha ukaambiwa hukuupata. Na tazama mwaka wa mwisho wa mkataba. Old Key West, BoardWalk, Beach Club na Boulder Ridge mikataba yake mingi huisha Januari 2042, Saratoga Springs ni 2054, Animal Kingdom ni 2057 na Riviera ni 2070. Pointi za 2042 ni za bei nafuu kwa sababu hiyo hiyo, na kwa mtu ambaye watoto wake watakuwa watu wazima kabla ya hapo, mimi naona zinafaa sana.

Je, nitawaachia wanangu urithi? (Mzazi, Boston)

Mkataba hurithiwa hadi tarehe yake ya mwisho, na ada hurithiwa pamoja nao. Waulize kwanza kama wanautaka. Kijana anayependa kupanda milima hatakushukuru kwa bili ya kila Januari. Ukitaka kuuza, mikataba ya Disney ina soko la kweli, tofauti na taimshea nyingine nyingi ambazo hata bure hazichukuliwi. Yeyote anayekupigia simu akiahidi kukutoa katika mkataba ukimlipa kwanza, mkatie simu, kwani Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani imeonya mara nyingi kuhusu utapeli wa aina hiyo.

Umiliki huu utamsaidia mama yangu aliyeko Mombasa kupata viza? (Binti, Houston)

Hapana. Hati ya pointi si kibali cha kuingia nchini, na afisa wa ubalozi huangalia zaidi kama mama ana sababu za kurudi nyumbani. Aombe viza kwanza, ipatikane, ndipo upange chumba kikubwa.

Nimesaini juzi tukiwa likizoni Orlando, na sasa moyo hautulii. Nimechelewa? (Muuguzi, Phoenix)

Hujachelewa, dada, lakini usikae. Sheria ya Florida humpa aliyenunua kutoka kwa kampuni siku 10 za kalenda kughairi bila faini, zikihesabiwa tangu siku ya kusaini au siku alipopokea nyaraka zote, ile itakayokuja mwisho. Haki hiyo haiwezi kuondolewa kwa maneno ya mkataba wala ya muuzaji. Tafuta ukurasa unaoeleza namna ya kughairi, andika barua ya mistari miwili yenye namba ya mkataba, itume kwa njia iliyotajwa hapo, na utunze risiti ya kutuma. Usipige simu ukidhani inatosha, maana utapewa mtu mwenye ulimi mtamu na siku zitapita.

Baada ya kughairi, iwapo bado mnaipenda Disney, kodisheni pointi za mmiliki mwingine kwa safari moja. Yeye ndiye atakayeweka nafasi kwa majina yenu, nanyi mtamlipa kwa idadi ya pointi. Kwa kawaida fedha hizo hazirudi mkighairi, na badiliko lolote ni lazima lipitie kwake, hivyo andikianeni makubaliano kabla ya kulipa. Mtalala katika vyumba vile vile na kupika katika jiko lile lile, na mkirudi Phoenix hakuna bili ya ada itakayowafuata.