Dexter: uanze na kitabu au tamthilia?

Dada, umeuliza kama usome kwanza riwaya ya Jeff Lindsay au uanze na tamthilia ya Dexter, na kama kijana wako wa miaka 14 anaweza kuitazama nawe. La kijana ni rahisi: hapana. Damu ni nyingi, na matusi na mambo ya chumbani hayakosekani.

Mimi ningeanza na tamthilia. Riwaya ya kwanza ilitoka 2004, kituo cha televisheni cha Marekani, Showtime, kikaanza kurusha tamthilia 2006, na msimu wa kwanza ndio unaoifuata. Baada ya hapo waandishi walishika njia yao. Hata mwisho wa msimu huo haufanani na wa kitabu, kwa hiyo ukisoma baadaye bado utashtuka. Sikwambii nani anakufa wapi.

Kinachonoga ni Dexter mwenyewe: mchana anachunguza michirizi ya damu kwa polisi wa Miami, usiku anawaua wauaji waliokwepa sheria, akifuata kanuni za Harry, baba mlezi wake aliyekuwa polisi. Michael C. Hall anamcheza hadi unajikuta unamwombea asikamatwe. Hapo kuwa macho: mtazamaji anaonyeshwa ushahidi, ndiyo maana roho haimsuti. Kundi linalompiga "mwizi" mtaani halina uhakika huo. Hilo unaweza kuzungumza na kijana bila kumwonyesha hata kipande.

Msimu wa nne, wenye mwigizaji John Lithgow, usiuruke. Wa nane niliumaliza kwa ukaidi tu.